Mama mkwe aliponiogopa kwa sababu ya nyuklia ya Japan

Wakuu, za Jumapili. Hii siyo chai, yalinikuta mwenyewe, na mke wangu yuko hapa pembeni anacheka ninavyoandika.

2011 nilikuwa Durban, nakaa chumba mtaa wa Point na jamaa yangu Musa, Msambaa. Kazi yangu ilikuwa yard ya magari used ya Japan yanayopita kwenda Zambia, Malawi na Bongo. Mimi ni kuyapokea na kuyaosha.

Mwaka huo ndiyo ikatokea Fukushima. Kwa wasiojua, tetemeko lilikata umeme wa kituo, zikawashwa jenereta za akiba, halafu tsunami ikaja ikazizamisha. Pampu za kupoza mitambo zikasimama. Kumbe mtambo wa nyuklia hata ukizimwa unaendelea kuchemka! Ukayeyuka, mionzi ikatoka.

Sasa mimi nilikuwa na mchumba, Divine, binti wa Kirundi, kwao Queensburgh, hapo hapo Durban. Siku ya kujitambulisha imeshapangwa. Mama yake akaona habari kwenye TV, akaja juu.

"Divine, huyu bwana anashikaka magari ya Japani kila siku? Iko na sumu mu mwili! Atanipatia wajukuu gani?"

Divine akamweleza kwamba magari yanapimwa kule kule kabla ya kupakiwa melini. Wapi! Mama akasema nije, ila asiporidhika hakuna ndoa. Eish, nilikonda wakuu. Yule binti nilikuwa nampenda jamani.

Musa akaniuliza, "Kwenu mtu akila sumu anapewa nini?"

Nikasema maziwa.

"Sasa unangoja nini?"

Msinicheke. Nilipiga maziwa wiki nzima, fresh na mgando, asubuhi mpaka jioni. Siku yenyewe ilipofika tumbo linanguruma mpaka dereva wa taxi akageuka kuniangalia.

Warundi wana desturi moja nzuri sana. Pombe ya mtama inawekwa katikati kwenye chungu kimoja, watu wanazunguka na mirija mirefu, mnakunywa pamoja. Mimi nikawekewa kiti mlangoni, na glasi ya peke yangu.

Nimekaa hapo, tumbo likaachia mngurumo sebule nzima ikasikia.

Mama akaruka. "Munasikia? Ni ile nyuklia!"

"Hapana Mama, ni maziwa."

Ikabidi nieleze yote. Watu walikufa kwa kicheko, mjomba wa Divine akapaliwa na pombe. Mama peke yake hakucheka. Akaniuliza, "Na wale watu wa pale Japani, waliendaka wapi?"

Nikamwambia walihamishwa haraka haraka, wengine waliacha chakula mezani, na hawajui watarudi lini. Na huko walikokimbilia kuna wanaokwepwa, watoto wao wanachekwa shuleni eti wana sumu.

Mama akaangalia kile kiti changu cha mlangoni.

"Sisi tulipofika kambi ya wakimbizi," akasema, "wenyeji walikatazaka watoto wao kucheza na Divine. Eti tuko na magonjwa."

Akainuka, akavuta kiti changu mpaka kwenye chungu. Akanipa mrija wake mwenyewe. Nikavuta. Akaupokea, hakuufuta, akavuta na yeye.

Wakuu, vigelegele vya siku ile! Majirani wa Kizulu walitoka nje kuuliza kuna nini, wakaingizwa ndani, tukacheza nao mpaka jasho. Nililia mbele za watu na sikuona aibu.

Leo tuna watoto wawili, wazima, wakorofi kama bibi yao.

Nilichojifunza ni kwamba mionzi ina mashine ya kuipima. Woga wa mtu kwa mtu hauna mashine, na wale wa Fukushima mpaka leo wengine hawajarudi kwao na bado wanaubeba. Ukikutana na mtu anayeogopwa, sogeza kiti chake karibu, basi.

Mliowahi kuogopwa ukweni, karibuni mtuambie mlitokaje.