Goti la Beki

Kila ligi inaposimama, beki hurudi Gongoni kwa mama yake, na Advera, jirani yao, humchungulia kupitia ua wa matete. Hutembea akigeuza shingo nyuma kana kwamba kuna mshambuliaji anamnyemelea, na hata akinywa uji huegemea ukuta. Sauti imemkauka kwa kuwapanga wenzake uwanjani. Lakini kinachomchoma Advera ni goti. Zamani kijana huyu alimwamkia kwa kuchuchumaa mpaka chini, kama wanavyofunzwa watoto wa Kinyamwezi. Siku hizi anainamisha kichwa tu. "Ligi kuu imemkausha magoti," Advera humwambia mwanawe Anselm, anayebeba asali ya watu kwa baiskeli kutoka Sikonge. "Na wewe ndiye uliyekuwa ukimpiga chenga."

Jana Advera aliingia uani kwao, akamsema usoni. "Shikamoo, mama," beki alisema, akiinamisha kichwa. "Marahaba, bwana mkubwa. Sisi siku hizi ni wa kuamkiwa wima." Beki akacheka, akachuchumaa. Hakuweza kuinuka. Jasho likamtoka, akaukamata mkono wa Advera kwa vidole vyake vilivyopinda kwa kukanyagwa uwanjani. "Usimwambie mama," alinong'ona. "Wakijua klabuni, hawanisajili tena." Advera alikuwa ametamani miaka mingi kumwona yuko chini vile. Akamvuta mpaka akasimama. "Amekuamkia mwanangu?" mama yake beki akauliza kutoka jikoni. "Ameniamkia," Advera akajibu, bado amemshika mkono. "Mpaka chini, kama zamani."