Panya Aliyetulia

Julai ile baridi ya Nairobi ilikuwa kali, na panya wetu walikuwa wakiishi vizuri kuliko mimi. Wao walikuwa na hita. Mimi kwetu Riruta nilikuwa na jiko la makaa na dada mdogo mgonjwa wa selimundu, ugonjwa ambao chembe za damu hujipinda na kukwama njiani. Panya wale waliletwa kwa ndege wakiwa wamezaliwa na damu ya namna hiyohiyo. Maabara yetu ilikuwa kwenye njia ya Kitisuru, na kazi ilikuwa kuchunguza jinsi damu yao inavyoganda ndani ya mishipa.

Asubuhi moja daktari wetu, mama mkali asiyependa maneno mengi, aliniambia nichague panya wawili, mmoja aliyezidiwa na mwingine mwenye nafuu, tulinganishe mapafu yao. Wa kwanza hakunisumbua, maana alipiga kelele kila akiguswa. Wa pili nikamtoa pembeni, amejikunyata kimya, macho nusu yamefumba, hana neno na mtu. Nafuu nilikuwa naijua. Nyumbani tulipima ugonjwa kwa sikio. Dada akilia tunakimbia, akinyamaza mama anamshukuru Mungu, redio inapunguzwa, na atakayemwamsha atakiona cha mtema kuni.

Daktari aliwalaza kwa dawa, hawakuamka tena, akawapasua. Mapafu ya mpiga kelele yalikuwa na madoa machache tu. Ya yule mtulivu yalikuwa meusi, mishipa imejaa madonge ya damu. Nilidhani nimewachanganya.

"Huyu ndiye uliniambia ako na nafuu?"

"Alikuwa ametulia, daktari."

"Panya akizidiwa hutulia. Hana pumzi ya kulia."

Nilishtuka. Dada yangu alikuwa amelia tangu Jumapili, na asubuhi hiyo alikuwa kimya. Nilikuwa nimepita mlangoni pake nikinyata, nimefurahi kabisa! Nilitoka nje na simu, nikampigia mama.

"Mum, anaendeleaje?"

"Amelala. Leo hajalia hata kidogo."

"Muamshe."

"Wewe uko na wazimu? Si ndio amepata usingizi?"

"Mum, muamshe sasa hivi!"

Sikuwahi kumfokea mama kabla ya siku hiyo. Nilisikia slipa zake, nikasikia mlango, halafu akimwita dada kwa upole. Akamwita tena, na sauti ile ya pili bado ninaisikia hadi leo.

"Midomo yake imekuwa bluu," akasema.

Jirani aliwakimbiza hospitali kwa pikapu yake ya kubebea maziwa, nami nikawakuta huko. Lilikuwa donge la damu, limekwama kwenye pafu. Walimwekea oksijeni na dawa ya kuzuia damu isiendelee kuganda, nasi tukakaa kwenye benchi bila kutazamana.

Alipona polepole. Pumzi iliporudi, maumivu ya mifupa nayo yalirudi, na alasiri moja akaangua kilio, wodi nzima ikageuka. Muuguzi akaja mbio na dawa ya maumivu, akimwambia anyamaze, wengine wanapumzika. Mama akampisha achome sindano, kisha akainama juu ya kitanda, machozi yakimtiririka.

"Usinyamaze," akamwambia. "Lia, mwanangu. Lia nikusikie."