Siku Kumi na Mbili za Homa ya Masanja

Sisi tuliokulia Butimba kabla simu hazijaingia kila mfuko tulikuwa na utajiri ambao watoto wetu hawaujui. Tulicheza rede mpaka vumbi likatukaa masikioni, tukashuka ziwani kuogelea huku tumekatazwa, tukarudi na macho mekundu tukiapa kwamba tulikuwa kwa jirani. Mfukoni hayakukosekana matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, vigumu kama kokoto. Mtoto wa leo ukimpa tobolwa anakuuliza limeharibika lini.

Mimi nilikuwa na utajiri mwingine: Kihispania. Sista Pilar, mtawa kutoka Hispania aliyekaa kwetu mpaka Kiswahili chake kikawa na lafudhi ya Kisukuma, alitufundisha watoto sita kila Jumamosi kwenye baraza la zahanati ya masista. Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa namna ya kusema jambo limeendelea kwa muda gani. Kwao, alisema, unatanguliza "hace", unataja muda, ndipo unasema jambo lenyewe. "Hace un año que vivo en Butimba": ni mwaka sasa naishi Butimba. Ukiichoka hiyo, unasema "llevo", yaani nimebeba, na kutaja muda, kama mtu aliyeubeba mgongoni. Tukaimba muda wa kila kitu, hata muda ambao mbwa wa zahanati alikuwa amelala.

Likizo moja, nikiwa darasa la sita, mdogo wangu Masanja, wa miaka minne, alishikwa na homa. Mama alikuwa Ukerewe kumuuguza dada yake, ametuacha mikononi mwa Bibi, mama wa marehemu baba yetu. Bibi hakwenda zahanati. Alitupeleka kwao Magu kwa mganga, na huko Masanja akafungwa hirizi kiunoni kwa uzi mweusi na kunyweshwa maji ya mizizi asubuhi na jioni. Mimi nilihesabu kila kulipokucha kwa sababu niliogopa. Siku ya kumi na mbili, Masanja alipoacha hata kulia, Bibi alimfunga mgongoni tukarudi Butimba, moja kwa moja mpaka zahanati ya masista.

Enzi hizo hakuna aliyemwambia muuguzi ukweli kuhusu muda. Ukionekana umepitia kwa mganga ulifokewa mbele ya foleni nzima, kwa hiyo kila mtu alijibu tangu jana. Mzee aliyetutangulia, mguu umevimba kama mtungi, naye alisema jana. Kwa maneno ya foleni ile, magonjwa yote ya Butimba yalianza siku moja.

Sista Pilar hakuwapo. Alikuwa Busisi, ng'ambo, akisubiri kivuko kimrudishe Kigongo. Ndani alikuwepo daktari mgeni, mwanamke kijana aliyefika kutoka Hispania wiki ile, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye "karibu". Muuguzi alinitambua kuwa ni mwanafunzi wa Sista, akanisukuma ndani nikatafsiri, mwenyewe akarudi kwenye foleni.

Daktari aliuliza mtoto ana homa kwa muda gani. Nikamweleza Bibi swali. Akanishika mkono kwa nguvu.

"Sema jana, Kabula. Mama yako akijua habari za Magu, hataniachia tena watoto wa mwanangu."

Daktari alikuwa ameshachukua bahasha ya vidonge vya malaria. Masanja alilala mapajani mwa Bibi, midomo imekauka, macho nusu wazi. Sikuwahi kumpinga Bibi hata kwa kununa. Nilimpenda, nilimwogopa, na wakati ule nilimchukia kidogo. Nikaweka mikono nyuma nisije nikahesabu kwa vidole, nikasema kwa sauti ya darasani: "Hace doce días que tiene fiebre."

Daktari aliiweka bahasha mezani. Akaniuliza tena, taratibu, nami nikarudia. Bado hakuamini masikio yake, au hakukiamini Kihispania changu, maana alininyooshea vidole vyote kumi, kisha viwili.

Bibi aliviona. Alivitazama vidole, akanitazama mimi, nami nikasubiri kofi. Halikuja. Aliinua shati la Masanja, akaufungua ule uzi mweusi kiunoni, akauweka mezani pamoja na hirizi yake.

"Mwambie na huu," alisema.

Masanja alilazwa, akatundikiwa maji na kuchomwa sindano ambazo hata kwa kutazama ziliuma. Kwa siku tatu Bibi hakulala wala hakunisemesha. Siku ya nne Masanja aliomba uji. Siku ya tano Mama aliingia wodini, vumbi la safari miguuni, akaniuliza mimi, si Bibi, mtoto aliumwa siku ngapi kabla hatujamleta. Bibi alikazia macho sakafu. Ule uzi ulikuwa umeshatupwa, na maelezo ya daktari yalikuwa kwa Kihispania.

"Alianza jana yake, Mama," nilijibu.

Siku hizi daraja limeondoa habari ya kusubiri kivuko, na simu inatafsiri lugha yoyote kabla hujameza mate. Binti yangu siri kama hii isingemkaa hata mpaka jioni; angeshairusha kwenye kundi la familia, na picha ya hirizi juu yake. Namcheka, lakini pia namwonea wivu. Bibi alishafariki. Mama yupo, na mjukuu yeyote akipata homa anatuhimiza tumuige mama mkwe wake, ambaye hakuchelewa hata siku moja. Masanja, baba wa watoto watatu sasa, anaitikia kwa kichwa. Majuzi Mama aliniuliza mbona kila akimsifu Bibi mimi nanyamaza. Nikamwambia nimemkumbuka tu, na hilo lilikuwa kweli.