Ng'ombe Thelathini na Tisa wa Wesley Mniko

Kila Jumatatu Wesley Mniko aliingia maktabani kwangu na swali moja, hata salamu haijatoka. "Madam, ngapi leo?"

Mimi ni mtunza maktaba wa chuo cha mifugo hapa Homa Bay, na yeye alikuwa mwalimu wetu wa upasuaji. Alichouliza ni idadi ya watafiti duniani waliokuwa wametaja makala yake katika makala zao. Nilikuwa nafungua kompyuta, nasoma namba, naye anaiandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ofisini kwake. Kumi na mbili. Ishirini na nane. Siku ilipofika hamsini aliwanunulia walimu wote soda. Mimi alinisahau, na sijasahau.

Alizaliwa Migori, upande wa Wakuria karibu na mpaka wa Tanzania, kwa watu ambao mtoto hujua kukama kabla ya kujua kuandika. Alisomea cheti cha afya ya mifugo, akapangiwa Magunga, na huko ndiko alikojipatia jina. Watu wa Magunga huchukua nyavu kuukuu za wavuvi kutoka Mbita wakazungushia bustani za sukuma wiki na mabanda ya kuku. Ng'ombe wanazitafuna. Wavu hausagiki, unajisokota tumboni, na mnyama anakonda huku ubavu umevimba kama amekula shamba zima. Mniko alimsimamisha ng'ombe kama huyo, akamchoma sindano ya ganzi, akampasua ubavu wa kushoto, akaingiza mkono mpaka begani na kutoa wavu kwa mafungu. Nyuzi za hospitali hazikupatikana, kwa hiyo alishona kwa nailoni ya kuvulia mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, iliyochemshwa kwenye sufuria. Alifanya hivyo kwa ng'ombe arobaini na mmoja. Hakuomba shukrani, wala kuku hakupokea. Aliona fahari kukataa.

Ni kazi ya mtu hodari, sikatai. Lakini kupasua ni jambo moja, na kujua kilichotokea baadaye ni jambo lingine. Pikipiki ya serikali haikuwa na mafuta, basi Mniko alifuatilia wagonjwa wake kwa simu: siku ya kumi, siku ya thelathini, siku ya sitini. Kila mwenye ng'ombe alijibu kwamba mnyama anaendelea vizuri, na yeye akaandika amepona. Wawili walikufia mikononi mwake, hao aliwahesabu. Waliobaki ni thelathini na tisa, na ndivyo makala ilivyosema: kati ya arobaini na mmoja, thelathini na tisa walipona kwa nailoni ya kuvulia. Jarida moja la nje likaichapisha, chuo chetu kikamwajiri, na mji mzima ukaanza kumwita daktari ilhali shahada ya udaktari hana.

Sasa nafasi ya mkuu wa idara ya upasuaji ikawa wazi, na tangazo lilitaka mtu ambaye utafiti wake unatajwa. Mniko alijiona amefika. Alipita kwenye korido kifua mbele, na mbele ya darasa zima la mwaka wa pili akasema kwamba maktaba ya chuo ingefaa kupata mtu anayesoma, si anayefuta vumbi.

Siku hiyo nikaamua kusoma.

Nilifungua makala hizo moja baada ya nyingine, zote zilizomtaja. Mniko mwenyewe hakuwahi kufungua hata moja. Namba ilimtosha. Ya kwanza ilieleza kwamba watafiti walijaribu njia ya Mniko kwa ng'ombe ishirini, kumi na mmoja wakaoza mshono na kufa. Ya pili ilisema matokeo ya Mniko hayaaminiki. Ya tatu iliwaonya wanafunzi. Daktari mmoja wa binadamu aliandika kwamba asitokee mtu, kwa kusoma Mniko, akathubutu kushona mgonjwa hospitalini namna ile. Walikuwa wanamtaja kama watu wanavyomtaja jirani aliyechoma nyumba yake akikaanga samaki. Kadiri kosa lake lilivyosambaa, ndivyo namba ilivyopanda.

Ningeweza kumwambia. Jumatatu zilizofuata alikuja, nikamsomea namba: hamsini na saba, sitini, sitini na tatu. Akacheka, akaandika. Nilinyamaza kwa raha zangu, na sijifanyi kwamba ilikuwa kwa sababu nyingine yoyote.

Mahojiano yalifanyika kwenye ukumbi mdogo. Mimi niliitwa kuandika kumbukumbu. Mkuu wa chuo, Bwana Mochama, aliketi katikati, na kando yake mgeni kutoka Nairobi, Daktari Idil, mpasuaji wa wanyama mwenye sauti ya chini. Mniko alivaa suti, akaitaja namba yake mwenyewe kabla hajaulizwa. Daktari Idil akatoa karatasi kwenye bahasha na kuanza kusoma, makala baada ya makala, kila mahali alipotajwa Mniko na kilichosemwa juu yake. Hakuruka neno. Alisoma sita. Kufikia ya nne Bwana Mochama alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Umezisoma hizi?" Daktari Idil akauliza.

Mniko akasema amezipitia. Kila mtu mle ndani alijua anadanganya, na mimi niliiandika ilivyo.

Akajitetea kwamba wenye ng'ombe walimpa majibu wenyewe. Daktari Idil akasema vizuri, basi alete ushahidi. Hakutaka wote thelathini na tisa, maana miaka mitano imepita na wengine watakuwa wameuzwa au wamezeeka. Alitaka kumi. Picha kumi za ng'ombe walio hai, kovu la ubavuni likionekana, na sahihi ya mwenye mnyama. Alipewa siku sitini. Akileta kumi, kazi ni yake. Asipoleta, barua itaandikwa kwa jarida waiondoe makala, na hatagusa kisu mbele ya mwanafunzi tena. Nilipewa kamera ya chuo niende naye, kwa sababu hawakumwamini apige picha mwenyewe.

Tulizunguka wiki mbili. Njiani hakuuliza namba. Nyumba ya kwanza mama mmoja alituambia ng'ombe ameuzwa Migori. Ya pili, ameibwa. Ya tatu, yuko kwa shemeji, mbali. Wote walimkaribisha kwa heshima, wakamletea kiti na chai, na hakuna aliyemtazama machoni. Hata hivyo tulipata mmoja, kisha watatu kijiji kimoja, wenye makovu marefu yaliyojikunja vibaya lakini wako hai. Mwisho wa wiki ya pili tulikuwa na tisa, na kwenye orodha limebaki boma moja. La mzee Boaz, nje kidogo ya Magunga.

Mzee Boaz alikuwa ametusubiri, maana habari zilitutangulia. Alimtoa ng'ombe zizini mwenyewe, jike jekundu, mnene, manyoya yanang'aa. Akampiga shingoni polepole.

"Huyu hapa, daktari. Ile ng'ombe yako."

Mniko alizunguka upande wa kushoto. Akapitisha kiganja ubavuni, kutoka nyuma ya mbavu hadi nyongani, akarudia, akasukuma manyoya kwa vidole kinyume cha ulalo wake. Ngozi ilikuwa laini, hakuna kitu. Akapitia upande wa kulia pia, na hapo nilimwonea huruma kwa mara ya kwanza, maana anajua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba upande wa kulia hakuwahi kukata.

"Mzee," akasema, "si huyu."

Boaz hakubisha. Halafu akasema yote, kwa utulivu. Yule wa zamani alianza kunuka siku ya saba. Siku ya tisa walimchinja akiwa bado anapumua, nyama wakauza sokoni kabla mtu wa afya hajajua, na kesho yake simu ya daktari ikalia. Ningemwambia nini, Boaz akaniuliza mimi, si yeye. Nikisema imekufa, si nitaulizwa nyama iko wapi?

"Na wewe, daktari, ulikuja hapa mara mbili na mvua. Hata kuku ulikataa. Mtu amekusaidia hivyo, unaanzaje kumwambia kazi yake imeoza? Hapa hakuna mtu alikuambia ukweli. Tulikuonea aibu."

Mniko alikaa chini kwenye jiwe la kunolea panga, na suruali yake safi. Aliniomba orodha, nikampa. Alipitisha kidole kwenye majina, moja moja, akipunguza kila ng'ombe ambaye hatukumwona. Alipofika mwisho hakusema ni wangapi. Nilidhani atalia, na nakiri kwamba nilikuwa nimengoja kuona hilo tangu siku ile ya darasa la mwaka wa pili.

Hakulia. Boaz ndiye aliyeshindwa kuvumilia kumwona vile. Alikuwa amemnyima ukweli kwa upole miaka mitano, na upole haukuwa umemwishia.

"Daktari, hao watu wa Nairobi wanataka kovu, ama wanataka nini?"

"Kovu."

"Basi kisu si uko nayo? Hii ni yangu. Nimekupea."

Jike jekundu lilikuwa linalamba chumvi kwenye kigae. Mniko alilitazama muda mrefu. Kisha akahesabu kwa sauti siku zilizobaki, arobaini na sita, na kusema, kama mtu anayefundisha darasa, kwamba ngozi peke yake hufunga mapema, na kwamba kwenye picha kovu la mwezi mmoja na la miaka mitano hayaonyeshi tofauti kubwa. Akageuka kwangu. Nilijua anachouliza. Ilikuwa zamu yangu kusema hapana, na nilikuwa na kamera ya chuo mkononi na jina langu kwenye kumbukumbu za kikao.

Sikusema kitu. Nimezoea kunyamaza mbele ya Wesley Mniko.

Alifungua begi lake. Kisu kilikuwepo, sindano za kushonea zilikuwepo, na kibunda cha nailoni ileile ya kuvulia. Dawa ya ganzi haikuwepo, kwa sababu hakuja kupasua. Boaz alichemsha maji, akaita jirani wawili, wakamfunga ng'ombe pembe kwenye nguzo ya zizi. Kamba ya pili, ya mguu wa nyuma, ilikosa mtu. Boaz akaniwekea mkononi.

Mniko alikata sentimita thelathini, wima, palepale makala ilipoelekeza. Ng'ombe aliyekuwa hana ugonjwa wowote alilia sauti ambayo sikujua ng'ombe wanayo. Kwenye mshono wa tatu alipiga magoti, na Mniko, bila kuinua macho, akaniambia nivute tumwinue, maana bado nusu.

Nikavuta.