Ziwa la Jirani

Zama zile za siasa, kwetu Wete watu wa vyama viwili hawakuzikana wala kuuziana chumvi. Mimi chama changu kilikuwa komeo. Nilisoma hadi sekondari Unguja, nikarudi Pemba kuolewa, na elimu yote ile nikaitumia kufunga milango.

Nilikuwa na binti mchanga, na hofu kubwa kuliko yeye. Habari za fujo zilipovuka kutoka Unguja, mama mkwe alinikalisha uani.

"Ukikimbia wewe huku na mtoto huku, atanyonya nini?"

"Yapo maziwa ya kopo, mama. Nitachemsha chupa, maji nita—"

"Na jiko utalitia kwapani?"

Na kopo lenyewe lilibaki unga wa kukwangua. Mwenye duka alishaapa hatuuzii. Mama mkwe akasema tutafute ziwa la pili, tena mtoto alizoee mapema, kwani siku ya mbio hatashika ziwa geni. Karibu nasi aliyekuwa akinyonyesha ni mmoja tu: jirani wa nyuma, shoga yangu tangu utotoni. Mumewe ni wa chama kile kingine. Tangu Ramadhani hatukusalimiana.

"Si tulisema mwanawe atamwoa wetu?" nikajitetea. Wakinyonya ziwa moja ni ndugu, hawaoani tena.

"Wewe waogopa kukosa mkwe. Mimi naogopa kukosa mjukuu."

Akaenda kumwita mwenyewe. Shoga yangu aliingia kwa mlango wa uani alasiri, mumewe yuko mkutanoni, mwanawe kiunoni. Hakutoa salamu. Alimpakata binti yangu akampa ziwa. Mtoto akageuza uso, akaangua kilio. Mara barabarani tukasikia watu wa mkutano wanarudi, wanaimba kwa hasira.

"Nipe kanga yako umfunike, asikie harufu yako," mama mkwe akaninong'oneza.

"Hii niliyojitanda?"

"Kwani waenda wapi? Wewe hata harusini hutoki."

Nikamfunika. Kilio kikakatika, akaanza kunyonya. Shoga yangu akanisukumia mwanawe.

"Na huyu je, nikikwama mimi? Au ziwa lako lina kadi ya chama?"

Nikampokea. Nje, sauti ya mumewe ikapaa juu ya zote, yaitukana nyumba yetu, naye mwanawe kanining'inia kifuani.

"Usitetemeke," akasema mama yake. "Wanitikisia mtoto."

Tulipatana hivi: atakayewahi kusikia vurugu aingie kwa mwenziwe awabebe watoto wote wawili. Kwa hiyo milango ya uani isifungwe. Basi mimi, mtu wa makomeo, nikaling'oa langu kwa mkono wangu mwenyewe. Tangu hapo kila mlango ule ukilia, moyo ulinipaa, nisijue kama ni upepo, ni shoga yangu, au ni mumewe.