Sumaku Ikikataa

Mzee Kalinga amefua visu vya randa katika kiwanda chetu cha mbao Mafinga kwa miaka ishirini na sita, na hakuna hata kimoja kilichowahi kupasukia mashineni. Huchukua springi ya lori iliyokwishakatwa, huitia makaani, huvuta mvukuto, kisha huigusa kwa sumaku ya spika aliyoifunga kwenye waya. Sumaku ikishika, bado. Ikikataa, huongeza mivuto mitatu, akachovya chuma kwenye oili chafu. Basi.

Mwaka jana wakubwa wakaamua kila fundi awe na cheti. Asiye nacho, nje. Mzee, aliyeishia darasa la nne na mwenye watoto wawili sekondari, akaacha hata kututania.

Mtahini akaletwa kutoka Mbeya: Daktari Didas, kijana mpole aliyesoma miaka saba namna elektroni zinavyokaa kwenye uso wa chuma, uso mwembamba kiasi kwamba kutu ya jembe mbele yake ni godoro.

“Shikamoo mzee. Chuma unakichovya kikiwa na nyuzi joto ngapi?”

“Marahaba. Sumaku ikikataa, mwanangu.”

Daktari akaweka kalamu chini. Akatueleza, uso umemchangamka, kwamba ndani ya chuma elektroni huelekea upande mmoja kama waumini kanisani. Joto likizidi, kila moja inageukia kwake, na sumaku inakosa pa kushika. Yeye alilipima jambo hilo kwa mtambo uliojaza chumba. Akamshika Mzee kwa mikono miwili, akasema jibu ni sahihi kabisa.

Kisha akampa sifuri. Fomu ilikuwa na visanduku vya tarakimu tu. Nilikasirika, na hasira haijaniisha.

Akaajiriwa Anord, mwenye cheti chenye mhuri. Namba ya nyuzi aliijua; kipimajoto kiwanda hakina. Ndani ya mwezi visu kumi na kimoja vilipasuka, kimoja kikatoboa bati juu ya kichwa cha meneja. Meneja akaelewa upesi. Mzee akaitwa arudi, ila kama kibarua, kwa nusu mshahara, chini ya usimamizi wa Anord.

Sasa Mzee hufua, na Anord hukaa kando na daftari la nyuzi joto.

“Mzee, leo niandike ngapi?”

“Andika ya jana.”

Visu havipasuki tena. Mei Mosi Anord akatangazwa mfanyakazi hodari. Mzee Kalinga alipiga makofi; mimi sikupiga.