Baba na Zawadi ya Mtu Asiyemjua

Barua ya chuo cha udaktari ilifika kijijini kwetu Nyabiyonza miaka michache baada ya vita vya mpakani. Ilisema nimepata nafasi, na kwamba ada, chakula na vitabu vyangu vyote vitalipwa na mfadhili wa Ulaya ambaye hatukumjua. Mimi niliruka. Baba aliikunja barua pamoja na fomu ya idhini ya mzazi iliyokuja nayo, akazitia mfukoni, akaenda kukata majani makavu ya migomba.

Fomu ilitaka alama ya kidole chake, nayo ilipaswa kurudi ndani ya wiki mbili. Wiki ya kwanza ikaisha hajaigusa. Mama ndiye aliyepasua jipu: kwetu mtu hagharamii binti wa watu bure. Huanza na zawadi kubwa, kisha huja na rubisi, pombe ya ndizi ya kuposea, kisha huondoka na binti. Dalili ya mvua ni mawingu, na baba alishayaona. Nilikasirika nikagoma kula siku nzima, jambo ambalo halikumsumbua mtu ila tumbo langu.

Zilipobaki siku nne, mama alimwita mchungaji, ambaye ndiye aliyeniombea nafasi ile. Baba alimkaribisha kwa buni za kahawa za kutafuna, kama ilivyo desturi yetu, kisha akauliza kwa heshima lakini bila kuzunguka: "Waitu mchungaji, huyo bwana anamtakia nini binti yangu?"

Mchungaji alieleza taratibu. Si bwana, ni bibi kizee mjane, aliyerithi kiwanda cha biskuti. Sehemu kubwa ya mali yake amekipa chuo. Imejenga maabara ya kuchunguza damu, ili watafiti wajue kwa nini dawa za malaria zimeanza kushindwa, na inasomesha vijana wa vijijini, wavulana kwa wasichana. Hajaomba hata kujua majina yao.

Baba alitafuna kwanza. "Ana mtoto wa kiume?"

"Hana mtoto."

"Mpwa je?"

Mchungaji alitikisa kichwa, akashindwa kujizuia, akacheka, na mama naye akafuata. Mimi sikuweza kucheka. Baba akaitoa fomu mfukoni, ilikokaa siku zote kumi, akachovya kidole katika wino wa mchungaji, akakigandamiza. Roho yangu ikatua, nikalia mbele ya mgeni bila aibu.

"Siku kumi silali, nadhani nikitia kidole nitakuwa nimekuuza," aliniambia. "Kasome, mwanangu. Ukimaliza urudi nyumbani, hakuna anayekudai."